Akili ni Nywele: Historia ya Kipimo cha Akili na Mtu Mzima Mwenye Usonji wa Mbulu na Hanang

Kiswahili kina neno moja, akili, kwa mambo ambayo sayansi huyatenganisha. Mgonjwa aliyelazwa Mirembe husemwa ana ugonjwa wa akili. Mtoto anayechelewa kujifunza husemwa ana ulemavu wa akili. Mwanafunzi anayefaulu mtihani wa darasa la saba husemwa ana akili. Na mtu mzima asiyewatazama watu usoni, asiyejibu salamu kwa wakati, na anayerudia shughuli ile ile kila siku kwa utaratibu ule ule, huyu naye husemwa kijijini kwamba akili yake haijatimia. Hali yake ina jina, nalo ni usonji. Lakini jina hilo hutajwa zaidi kwa watoto, hasa kila tarehe 2 Aprili, siku ya kimataifa ya usonji, kana kwamba mtoto mwenye usonji hakui, haoi, harithi shamba wala haombi kazi.

Uzito wa jambo hili hauko katika msamiati tu. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, ibara ya 5(2), inautaja ugonjwa wa akili miongoni mwa sababu ambazo Bunge laweza kuzitumia kumzuia raia kupiga kura. Baraza la ukoo likishaamini kwamba mtu hana akili, sehemu yake ya ardhi husimamiwa na kaka yake, na mara nyingi usimamizi huo hauna mwisho. Mwajiri akishaamini hivyo, faili hufungwa. Kwa hiyo swali la nani ana akili, na limepimwa kwa mizani gani, ni swali la haki za raia kabla halijawa swali la kitabibu. Makala haya yanafuatilia historia ya mizani hiyo katika Afrika Mashariki, kisha yanauliza inampimaje mtu mzima mwenye usonji anayeishi kati ya vilima vya Mbulu na miteremko ya Mlima Hanang.

Mizani iliyobadilishwa kazi

Kipimo cha kwanza cha akili cha aina tunayoijua leo kilichapishwa Ufaransa mwaka 1905 na Alfred Binet pamoja na Théodore Simon. Kusudi lake lilikuwa dogo na la kibinadamu: kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee shuleni. Binet mwenyewe aliwakemea waliodhani kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichobadilika, mithili ya urefu wa mfupa.

Kipimo hicho kilipovuka bahari kwenda Marekani kilibadilishwa kazi. Henry Goddard alikitumia kuwapambanua wahamiaji. Lewis Terman alikitengeneza upya mwaka 1916 na kukieneza mashuleni. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia jeshi la Marekani likawapima askari zaidi ya milioni moja na nusu. Chombo kilichobuniwa kuuliza "mtoto huyu anahitaji nini?" kikawa chombo cha kuuliza "mtu huyu ana thamani gani?" Mabadiliko hayo ya swali ndiyo chanzo cha mengi yaliyofuata.

Kipimo kinatua Nairobi

Afrika Mashariki haikusubiri muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mwanasaikolojia Richard Oliver, aliyefadhiliwa na fedha za Carnegie, alifanya kazi nchini Kenya, na mwaka 1932 akachapisha kipimo cha akili kilichokusudiwa Waafrika. Oliver alikuwa mtu wa tahadhari; alijua kwamba huwezi kulinganisha makundi mawili yaliyolelewa na kusomeshwa kwa njia tofauti kisha ukadai umepima maumbile yao. Tahadhari yake haikuwazuia wengine. Daktari H. L. Gordon, aliyesimamia hospitali ya Mathari, alitangaza hadi London kwamba ubongo wa Mwafrika wa Kenya ni duni kwa asili. Mwenzake F. W. Vint alipima na kuchunguza bongo za Waafrika waliokufa, akachapisha matokeo yake mwaka 1934. Mwaka 1933 ilikwishaundwa Nairobi jumuiya ya walowezi na madaktari ya kuchunguza kile walichokiita uboreshaji wa mbari.

Tuitazame hoja yao kwa makini, maana muundo wake utarudi. Kwanza hutolewa kazi iliyobuniwa kwa watu wa aina moja. Kisha kazi hiyo hupewa watu wa aina nyingine. Alama zao zikiwa chini, tofauti hiyo huitwa upungufu. Mwisho, upungufu huo huwekwa ndani ya kichwa cha aliyepimwa. Hakuna hatua inayorudi nyuma kuikagua mizani yenyewe.

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, daktari aliyefanya kazi Mathari, ambamo alifananisha fikra za Mwafrika wa kawaida na za Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapisha andiko lake jingine lililoieleza vita ya Mau Mau kwa saikolojia. Madai ya ardhi yaligeuzwa kuwa dalili. Mtu akishahesabiwa kuwa na upungufu wa akili, hata malalamiko yake ya haki husomwa kama ushahidi wa upungufu huo.

Ngazi za watu Mbulu na Hanang

Mbulu na Hanang, zilizomo katika Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 2002, ni miongoni mwa sehemu chache barani ambako lugha za nasaba kubwa zisizohusiana zinazungumzwa kwa ujirani. Wairaqw husema lugha ya Kikushi. Wadatooga, wakiwemo Wabarabaig wa Hanang, husema lugha ya Kiniloti. Wanyaturu, Wanyiramba na Waihanzu ni wasemaji wa lugha za Kibantu. Wahadzabe wa bonde la Yaeda wana lugha isiyo na ndugu wa hakika.

Mtaalamu wa kikoloni aliyefika hapa akiwa na ngazi ya mbari mkononi alipata kazi tayari. Nadharia ya Kihamiti, iliyoenezwa na kitabu cha C. G. Seligman cha mwaka 1930, ilidai kwamba kila kilicho bora Afrika kililetwa na watu wenye asili ya nje. Wairaqw wakapewa asili ya Mesopotamia, kwa hoja ambazo sehemu yake ilikuwa mlio wa jina lao tu. Mwanaanthropolojia Ole Bjørn Rekdal alionyesha mwaka 1998 jinsi dhana hiyo ya wasomi ilivyowarudia wenyeji wenyewe ikawa simulizi la asili yao. Upande wa pili wa ngazi waliwekwa Wahadzabe na Wabarabaig, wakaitwa watu wa nyuma.

Uhuru haukuiondoa ngazi hiyo mara moja. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe katika makazi ya kudumu Yaeda. Magonjwa yakaua wengi, na waliobaki wakarudi porini. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 malisho bora ya Wabarabaig katika tambarare za Basotu yalichukuliwa kwa mashamba ya ngano ya NAFCO yaliyosaidiwa na Kanada. Mfugaji aliyejua msimu gani umpeleke ng'ombe malisho gani hakuhesabiwa kuwa na maarifa, kwa kuwa maarifa yake hayakuwa katika umbo ambalo mpimaji alijua kulisoma.

Sauti ya Tanzania yenyewe

Ni haki kukumbuka kwamba nchi hii ilipata kuikosoa mizani. Katika Elimu ya Kujitegemea, andiko la Machi 1967, Mwalimu Julius Nyerere alieleza kwamba mitihani yetu hupima uwezo wa mtu wa kukariri na kuyatoa aliyoyakariri kwa muda uliowekwa, na kwamba haipimi uwezo wa kufikiri, tabia wala moyo wa kutumikia. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilijaribu kuitekeleza hoja hiyo: kuingia chuo kikuu kulihitaji uzoefu wa kazi na mapendekezo ya waliomwona mtu akitenda, si alama za mtihani pekee. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro zake, na haukudumu. Hata hivyo ulikuwa na wazo kubwa ndani yake, kwamba mtu hupimwa vizuri zaidi katika kazi anayoijua na mbele ya watu wanaomjua.

Takwimu za Dar es Salaam zilikuja kuliunga mkono wazo hilo kwa njia isiyotarajiwa. Wachumi Boissiere, Knight na Sabot, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1985, waliwapima wafanyakazi wa Nairobi na Dar es Salaam kwa mafumbo ya maumbo ya Raven, pamoja na mtihani wa kusoma na kuhesabu. Waligundua kwamba ujuzi wa kusoma na kuhesabu ulieleza mapato ya mtu kwa kiasi kikubwa, ilhali alama za Raven zilieleza kidogo tu. Mshahara ulifuata kile ambacho mtu alikuwa amefundishwa.

Lakini alama zile zile za Watanzania, pamoja na za wanafunzi wa sekondari waliopimwa na E. L. Klingelhofer katika miaka ya 1960, zilichukuliwa baadaye na Richard Lynn na Tatu Vanhanen. Katika kitabu chao cha mwaka 2002 wakaipa Tanzania nzima wastani wa chini ya 75, karibu na mpaka ambao hospitali nyingi huutumia kutambua ulemavu wa akili. Mwaka 2010 Jelte Wicherts na wenzake waliukagua uteuzi wa tafiti hizo za Afrika wakaonyesha kwamba haukufuata utaratibu, na kwamba wastani uliotangazwa ulikuwa wa chini kuliko ushahidi uliopo.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka Embu, Kenya. Watoto wa vijijini waliopimwa kwa mafumbo ya Raven mwaka 1998 waliwazidi kwa kiasi kikubwa wenzao wa eneo lile lile waliopimwa mwaka 1984. Katika miaka 14 damu ya watu haibadiliki. Vilivyobadilika ni chakula, elimu ya wazazi na hali ya nyumbani. Huko Bagamoyo nako, Robert Sternberg na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba mtoto akifundishwa kwa muda mfupi namna ya kuiendea kazi ya kipimo, alama zake hupanda. Kipimo cha mara moja kilikuwa kimepima ugeni wa mtoto mbele ya karatasi.

Usonji unaingia katika hadithi

Neno ambalo lugha za Ulaya hulitumia kwa usonji lilibuniwa na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, kueleza kujitenga kwa wagonjwa wa skizofrenia. Mwaka 1943 Leo Kanner, Marekani, alilitumia kwa watoto 11 aliowachunguza. Mwaka 1944 Hans Asperger wa Vienna akaeleza watoto wanaofanana nao. Kanner aliona tangu mwanzo kwamba watoto hao hawakuwa wajinga: kumbukumbu zao zilikuwa za ajabu, na walizipanga mbao za kuchezea kwa ustadi. Asperger ana somo jingine la kutufundisha. Mwanahistoria Herwig Czech alionyesha mwaka 2018, kwa nyaraka, kwamba daktari huyo alishiriki kuwapeleka baadhi ya watoto katika kliniki ya Am Spiegelgrund, ambako utawala wa Wanazi uliwaua watoto waliohesabiwa kuwa hawafai. Neno la mpimaji linaweza kuwa hukumu ya kifo.

Baada ya vita, vitabu vya tiba vilirudia kwa miongo kwamba takriban robo tatu ya watu wenye usonji wana ulemavu wa akili. Leo takwimu za Marekani kwa watoto wa miaka 8 zinataja kiasi kinachozidi theluthi moja. Sehemu ya mabadiliko hayo imetokana na kupanuliwa kwa maana ya usonji. Sehemu nyingine imetokana na swali ambalo wachache walikuwa wameliuliza: tunawapima kwa nini?

Vipimo vya Wechsler, vilivyoanza mwaka 1939, vina sehemu nyingi: maana za maneno, maarifa ya jumla, kukumbuka tarakimu, kupanga mbao ziwiane na mchoro, na kuelewa mambo ya kijamii. Swali maarufu katika matoleo ya zamani lilikuwa: ukiokota njiani bahasha iliyofungwa, yenye anwani na stempu, utafanya nini? Jibu sahihi ni kuitia katika sanduku la posta. Anayejibu lazima ajue posta, ajue desturi, na akisie kile ambacho muulizaji anataka kusikia. Mtu mwenye usonji mara nyingi hupata alama za juu katika mbao na za chini katika maswali ya namna hii. Amitta Shah na Uta Frith waliuthibitisha ustadi huo wa mbao mwaka 1993. Lakini wataalamu wengi waliuita kisiwa cha uwezo katika bahari ya upungufu. Uwezo wenyewe ukageuzwa kuwa dalili.

Mwaka 2007 Michelle Dawson, Laurent Mottron na wenzao wa Montreal waliwapima watoto na watu wazima wenye usonji kwa vipimo viwili, Wechsler na mafumbo ya Raven, ambayo hayahitaji maelezo mengi ya maneno. Hebu wapange watu 100 kutoka wa alama za chini hadi wa juu. Watoto wenye usonji, walipotoka kwenye Wechsler na kupewa Raven, walisogea mbele kwa wastani wa nafasi 30, na wengine zaidi ya 70. Watu wazima wenye usonji nao walionyesha pengo la namna hiyo. Wasio na usonji hawakuwa nalo. Dawson mwenyewe ana usonji, na kabla ya kuingia katika utafiti alikuwa akisambaza barua katika posta ya Kanada. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba pengo hilo si kubwa kwa kila mtu, na wapo watu wenye usonji ambao kweli wana ulemavu wa akili na wanahitaji msaada wa maisha yote. Hilo halilipunguzii nguvu somo lenyewe. Mtu mmoja, wiki moja, ubongo mmoja, vipimo viwili vinavyoheshimika, na majibu mawili yanayoweza kumpeleka katika maisha mawili tofauti.

Msomaji ataitambua hoja ya Gordon ikiwa imevaa koti jingine: kazi iliyobuniwa kwa watu wa aina moja, tofauti inayoitwa upungufu, na upungufu unaowekwa kichwani mwa aliyepimwa. Mwafrika mwenye usonji anasimama pale ambapo historia hizi mbili zinakutana.

Mtu wa Basotu mbele ya mpimaji

Tumchukue mtu wa kubuni, mwanamume wa miaka 30 kutoka Basotu, msemaji wa Kidatooga, aliyesoma hadi darasa la nne. Hapendi mikusanyiko. Hubadilika kabisa ratiba yake ikivurugwa. Lakini humjua kila ng'ombe wa boma kwa rangi, pembe na ukoo wa mama zake, na huona kabla ya wengine kwamba mmoja hatembei sawasawa.

Mtu huyu akipelekwa kupimwa, anakutana na vizuizi vitatu vilivyopangwa mmoja juu ya mwingine. Kizuizi cha kwanza ni lugha, kwa kuwa maswali yatakuja kwa Kiswahili, ambacho kwake ni lugha ya pili, tena yakiwa yametafsiriwa kutoka lugha ya tatu. Cha pili ni vifaa. Robert Serpell alionyesha mwaka 1979 kwamba watoto wa Zambia waliwashinda wa Uingereza katika kuunda maumbo kwa waya, wakashindwa nao katika kuchora kwa kalamu, na katika udongo wa mfinyanzi wakawa sawa. Aliyewahi kuona magari ya waya ya watoto wa vijijini kwetu hatashangaa. Cha tatu ni usonji wenyewe, kwa sababu mpimaji ni mgeni, chumba ni kigeni, na muda umehesabiwa. Alama moja ikitoka mwishoni, hakuna awezaye kusema ni kizuizi kipi kilichoizaa.

Wala tusidhani kwamba mizani ya nyumbani ni salama kwake. Hapa ndipo wanaharakati wengi wa maarifa ya asili hunyamaza. Charles Super na Sara Harkness walipoishi na Wakipsigis wa Kenya walikuta kwamba neno lao la akili, ng'om, humsifu mtoto anayetumwa akatimiza bila kusimamiwa, na kwamba akili ya nyumbani hutofautishwa na ya shule. Wajaluo wana maneno kadhaa ambayo pamoja na ujuzi yanagusa heshima na usikivu. Mallory Wober aliandika mwaka 1974 kwamba kwa Waganda akili huhusishwa na utulivu na uangalifu kuliko wepesi wa kujibu. Dhana hizi ni pana na zenye utu kuliko namba moja. Lakini ni dhana za kijamii. Asiyeamkia wazee, asiyeketi nao, asiyesoma uso wa mwenzake, hushindwa mtihani huu pia, tena mbele ya kijiji kizima. Mtu wetu wa Basotu anaweza kushindwa kwa Wechsler kwa sababu ni Mbarabaig, na kushindwa barazani kwa sababu ana usonji, huku uwezo wake ukibaki zizini bila shahidi.

Mwanga uliokwisha kuwashwa

Katika wilaya hizi hizi sayansi haiko mbali. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955 kwa kazi ya wamisionari wa Norway, ilikuwa kituo cha Tanzania katika utafiti wa MAL-ED, uliofuatilia lishe, maambukizi na ukuaji wa watoto katika nchi nane. Baadaye ulifanyika hapo utafiti wa ELICIT, ambao ulitumia kipimo cha maendeleo ya mtoto kilichobuniwa Malawi badala ya kuagiza cha Ulaya. Haydom imekuwa pia mahali pa tafiti muhimu za kifafa. Na mwaka 2006 kundi la watafiti lilieleza watoto 20 wa Tanzania, 14 kati yao wakithibitishwa kuwa na usonji kwa vigezo vya kitafiti. Watatu walikuwa wamekua kawaida hadi walipougua malaria kali, kisha dalili zikafuata. Swali la usonji kwetu lina historia yake ya kitabibu, si nakala ya Marekani.

Nyingi kati ya tafiti hizo zilihusu watoto. Kwa watu wazima mfano bora uko Hai, Kilimanjaro, ambako watafiti walibuni kipimo kifupi cha kutambua upungufu wa kumbukumbu kwa wazee wasiosoma. Badala ya karatasi na kalamu hutumia njiti za kiberiti. Badala ya rais wa nchi ya mbali huuliza kiongozi wa kijiji. Kazi hiyo inathibitisha kwamba mizani ya watu wazima wa vijijini yaweza kutengenezwa hapa, kwa vitu vilivyo hapa.

Nini kifanyike

Kwa watumishi wa umma, hasa maofisa ustawi wa jamii na maofisa utumishi, jambo la kwanza ni kukataa kuandika namba moja katika faili la mtu. Ripoti ieleze kipimo gani, lugha gani, vifaa gani, na mtu huyo hufanya nini vizuri katika kazi anayoijua. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Sharti hilo halitamfikia mtu mwenye usonji iwapo mlango pekee ni usaili wa ana kwa ana, ambao kwa asili yake ni mtihani wa kutazamana usoni. Apewe kazi ya majaribio, apimwe kwa kazi.

Kwa wanaharakati: dai la msingi ni kutenganisha mambo matatu ambayo neno akili limeyafunga pamoja, yaani ugonjwa wa akili, ulemavu wa akili na usonji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 12 inatambua uwezo wa kisheria wa kila mtu mwenye ulemavu kwa usawa na wengine. Mtu hapotezi shamba wala kura kwa sababu ya alama.

Kwa wanafunzi wangu wa isimu, saikolojia na sosholojia, ninyi mnaotoka Dongobesh, Endasak, Katesh na Yaeda Chini: kusanyeni maneno ya Kiiraqw, Kidatooga, Kihadza na Kinyaturu yanayotaja akili, werevu, busara, umakini na ustadi. Waulizeni wazee yanamsifu nani na yanamwacha nani. Kidatooga ni jamaa wa karibu wa lugha za Kikalenjini, lakini tusikisie maana zake kutoka Kipsigis, tuzisikilize Hanang. Kamusi hiyo ndiyo itakayokuwa hatua ya kwanza ya kipimo chochote kitakachotengenezwa kwa haki.

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hiyo huitumia zaidi watu wakitaka kumaliza ubishi. Tukiichukua kwa uzito wake, inadai kazi ngumu: kumkagua kila mtu kwa nywele zake mwenyewe. Gordon hakuifanya kazi hiyo. Sisi hatuna kisingizio chake, kwa kuwa tunaowapima ni ndugu zetu, na lugha zao tunaweza kuzisikia.